Jesse Brown: Rubani mweusi wa kwanza wa Navy ya Marekani, na mzungu aliyeangusha ndege yake makusudi akimfuata kwenye theluji

Kama ulicheki ile muvi ya Devotion iliyotoka 2022, basi jina la Jesse Brown si geni kwako. Ulimwona Jonathan Majors amekwama ndani ya kokpiti, theluji kila mahali, na pengine chozi likakutoka ukasingizia vumbi. Poa tu, hauko peke yako. Lakini muvi ina masaa mawili na kitu, na Hollywood inapenda kurauka moja kwa moja hadi mahali kuna moto na milio. Jesse mwenyewe aliishi miaka 24. Ukiniuliza mimi, siku aliyoanguka haikuwa ngumu kushinda ile miaka yote aliyokuwa akiambiwa hapana na kila mtu mwenye ofisi. Kwa hivyo tulia, nikupe stori kutoka mwanzo.

Jamaa alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1926 huko Hattiesburg, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mathe wake, Julia, alikuwa mwalimu. Buda yake, John, alikuwa mtu wa kazi za mkono: stoo ya vyakula, kiwanda, shamba, mahali popote palipokuwa na mshahara. Watoto walikuwa sita. Na Mississippi ya wakati huo haikuwa mahali pa mtoto mweusi kuota ndoto kubwa. Shule zilikuwa mbili, ya wazungu na ya weusi. Viti vya basi vilitengwa. Bomba za maji ya kunywa zilitengwa. Mweusi akimkosea mzungu heshima, hata kwa kumwangalia vibaya, angeweza kupatikana asubuhi akining'inia kwenye mti, na hakuna karao angeuliza swali.

Buda alipokosa kazi familia ilihama hadi kijiji kinaitwa Lux, wakawa wanalima shamba la mwenyewe na kugawana naye mavuno. Pamba na mahindi. Jesse na ndugu zake walikuwa wanashinda shambani, kisha wanarudi nyumbani ambako joto la usiku lilitoka kwa moto wa kuni. Shule ya mtaa ilikuwa na darasa moja la watu wote. Huo ndio msoto unaoongelewa.

Lakini kuna kitu kilikuwa kimemshika akiwa mdogo sana. Akiwa na miaka sita hivi, buda yake alimpeleka kuona maonyesho ya ndege. Kwisha yeye. Tangu siku hiyo kijana hakuwa na mada nyingine. Kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege wa udongo karibu na kwao, na alikuwa akienda kujibanza pale kutazama tu, hata ingawa fundi mmoja alikuwa na mazoea ya kumfukuza. Anafukuzwa leo, kesho amerudi.

Baadaye akapata kazi ya kuuza gazeti la Pittsburgh Courier, gazeti la weusi. Unajua mtu anayeuza gazeti lazima alisome. Humo ndimo alipogundua kwamba kuna weusi wanaorusha ndege: Bessie Coleman, yule dada aliyelazimika kwenda Ufaransa kusomea urubani kwa sababu kwao hakuna shule iliyomtaka, na Eugene Bullard, aliyerukia jeshi la Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sasa jiulize mtoto wa shamba la pamba alifanya nini na hiyo habari. Mwaka 1937, kabla hata hajafika sekondari, alichukua kalamu akamwandikia Rais Franklin Roosevelt barua. Alimlalamikia kwamba si haki jeshi kuwafungia marubani weusi nje. Ikulu ya Marekani ilimjibu, kwa upole, kwamba maoni yake yamepokelewa. Ile lugha ya ofisi unaijua. Lakini kijana alikuwa ameshasema yake.

Ili apate sekondari ya maana alirudi Hattiesburg akakaa kwa shangazi yake na kusoma Eureka High School. Kukimbia alikuwa nayo, basketboli alikuwa nayo, mpira wao ule wa Kimarekani pia. Na darasani hakuwa anacheza: alimaliza mwaka 1944 akiwa namba mbili. Jioni alikuwa anahudumia meza kwenye klabu ya wazungu pekee, mahali ambapo walevi walimtukana wakitaka na yeye akabeba trei bila kujibu. Hiyo nidhamu ya kumeza matusi usisahau, maana itamsaidia mbele. Ilikuwa ni kujipanga. Alikuwa anajua kila senti ya klabu ile inaenda kwa karo.

Walimu walimshauri aende chuo cha weusi, kama ndugu yake mkubwa. Ushauri wa mapenzi kabisa, hawakutaka aumie. Jesse akasema anaenda Ohio State. Sababu? Jesse Owens alisoma huko. Yule Owens wa medali nne za dhahabu Berlin mwaka 1936, mbele ya macho ya Hitler. Yeye pia anaitwa Jesse, yeye pia anajua mbio, basi chuo ni hicho. Ukiwa kijana sababu kama hiyo inatosha.

Ohio ilikuwa kaskazini, lakini usidhani ilikuwa peponi. Weusi walipangishwa mtaa wao. Jesse alisomea uhandisi wa majengo, na masomo yakiisha alasiri alikuwa anaenda kupakia mizigo kwenye mabehewa ya kampuni ya reli hadi usiku wa manane. Halafu asubuhi, darasani. Kama umewahi kusoma campo huku unafanya kazi ya mjengo, hapo unamwelewa bila maelezo.

Kisha akaona tangazo: Navy inatafuta wanafunzi wa kufunzwa urubani. Aliyekuwa akiandikisha alimweleza wazi kwamba anajisumbua, hakuna mweusi ataingia hapo. Alijaza fomu. Wakamwekea mtihani wa masaa mengi, akapita. Mahojiano, akapita. Daktari, akapita. Mwishowe sababu za kumkataa ziliwaishia. Tarehe 8 Julai 1946 aliandikishwa rasmi, na Navy ikawa inampa dola 50 kwa mwezi za kujikimu. Kwa mtu wa mabehewa, hizo zilikuwa ganji.

Mwaka 1947 akaanza mafunzo, kwanza Glenview karibu na Chicago, kisha Ottumwa huko Iowa, halafu Pensacola, Florida. Glenview alibahatika kupata mwalimu mzungu anaitwa Roland Christensen, aliyemchukua kama mwanafunzi mwingine yeyote. Christensen alimfundisha kuruka, stori imeisha. Wengine baadaye hawakuwa hivyo. Pensacola iko kusini, kwa hivyo Jesse alikuwa amerudi kwenye nchi ile ile ya bomba mbili za maji, safari hii akiwa na sare. Kuna wakufunzi na wanafunzi wenzake waliomchukia waziwazi, na kuna siku alikaribia kuacha. Hapo ndipo ile shule ya kubeba trei ilimbeba yeye.

Na kulikuwa na siri. Sheria ilikuwa hivi: mwanafunzi wa urubani haruhusiwi kuoa hadi amalize. Ukikamatwa, unafungashwa virago. Sasa Jesse alikuwa na mresh wake tangu Eureka, Daisy Pearl Nix, na mwezi Oktoba 1947 wawili hao walifunga ndoa kimya kimya. Kwa mwaka mzima mtu mweusi wa pekee kwenye programu, ambaye kila jicho linamwangalia likitafuta kosa, alikuwa anatoroka wikendi kwenda kumwona mkewe kisha Jumatatu anarudi kambini akijifanya sharobaro asiye na mtu. Wakuu hawakushtuka. Wewe ungeweza?

Tarehe 21 Oktoba 1948 alivalishwa beji ya mabawa. Jesse LeRoy Brown akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya Navy. Magazeti yakaandika, picha ikapigwa. Desemba ya mwaka huo huo binti yao Pamela akazaliwa, na ukipiga hesabu ya miezi utaona kwamba siri ilikuwa inakaribia kujitangaza yenyewe. Aprili 1949 akapewa cheo cha ensign, ngazi ya kwanza ya afisa, akapelekwa kikosi cha VF-32 kwenye manowari ya kubeba ndege inayoitwa USS Leyte.

Hapa lazima nikueleze kidogo kazi ya rubani wa manowari, kwa sababu watu hudhani ni kama kurusha ndege nyingine tu. Uwanja wako ni meli. Meli inatembea, inapanda na kushuka na mawimbi. Nyuma ya ndege yako kuna ndoano, na kwenye deki kuna nyaya nene zimevutwa. Unatakiwa kuingia kwa mwendo wa kasi, ndoano ikamate waya mmojawapo, ndege isimame hapo hapo. Ukikosa zote, mbele yako kuna ndege zimeegeshwa na watu, na baada ya hao kuna bahari. Sasa ongeza kwamba VF-32 walikuja kupewa ndege ya Corsair, yenye injini ya silinda 18 na pua ndefu kiasi kwamba ukiielekeza mbele huoni unakotua. Ilibidi marubani waje kwa kona, wakichungulia pembeni, wakimtazama afisa anayewapungia vibao viwili pembeni mwa deki, na kunyoosha ndege sekunde ya mwisho. Vijana wengi walikufa wakijifunza hiyo kitu, bila hata adui kuwepo. Jesse aliimudu vizuri hadi akawa anaongoza wenzake hewani.

Mwisho wa mwaka 1949 akaletwa kikosini jamaa mpya, Thomas Hudner. Huyu alikuwa upande mwingine kabisa wa maisha: mzungu wa Fall River, Massachusetts, familia yenye maduka ya vyakula, shule ya wenye nazo, kisha chuo chenyewe cha maafisa wa Navy. Siku ya kwanza walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Jesse akamsalimu kwa kichwa tu kutoka mbali, mikono ameiweka kwake. Sio maringo. Alikuwa amejifunza kwamba kumpa mzungu mgeni mkono ni kumweka kwenye kona, labda mwenyewe hataki kushikana na mweusi mbele ya wengine, kwa hivyo alimpa nafasi ya kukwepa bila aibu. Fikiria umeishi vipi hadi unahesabu hivyo ndani ya sekunde mbili. Hudner akatembea hadi alipo, akanyoosha mkono.

Sasa muvi inataka uamini kwamba walikuwa mabeste wa kufa kuzikana. Ukweli ni mtulivu zaidi. Hudner mwenyewe kwa miaka mingi alieleza kwamba walikuwa wenzake wa kazi walioheshimiana, hawakuwa marafiki wa karibu. Jesse alikuwa mtu wa mkewe, Biblia yake na barua zake. Na hewani Jesse ndiye aliyekuwa kiongozi, Hudner anamfuata bawani, ingawa Hudner alikuwa na cheo cha juu, kwa sababu Jesse alikuwa na uzoefu zaidi pale. Mzungu wa Massachusetts anamfuata mweusi wa Mississippi, mwaka 1950, na hakuna aliyelalamika. Kwenye meli hiyo hiyo weusi wengi walikuwa wapishi na wahudumu wa maafisa. Walipokuwa wanaleta chakula mezani, mmoja wa wale maafisa alikuwa wao.

Kwangu mimi, kutokuwa mabeste kunafanya yanayofuata yawe mazito zaidi. Kumfia beste yako ni kitu kinaeleweka.

Vita vya Korea vilianza Juni 1950. Leyte ilikuwa Mediterania. Ikaitwa, ikazunguka dunia, na mwezi Oktoba ikawa kwenye maji ya Korea. Mwishoni mwa Novemba mambo yakaharibika. Wachina waliingia vitani kwa siri, usiku, wakipitia milimani, na karibu na bwawa la Chosin wakazingira majeshi ya Umoja wa Mataifa. Watu kama 30,000 ndani, Wachina kama 120,000 nje. Baridi ilikuwa ya kuua yenyewe. Bunduki ziligoma, dawa ziligandia kwenye chupa, askari walipoteza vidole vya miguu. Barabara ya kutokea ilikuwa moja, nyembamba, inapita katikati ya milima iliyojaa adui. Kilichowaweka hai wale wanajeshi wa ardhini ni ndege. Kila siku Corsair zilikuwa zinaruka chini chini juu ya barabara hiyo zikipiga yeyote aliyesogea. Jesse alikuwa kwenye hiyo kazi, na alikuwa amefanya misheni 20 hivi. Weusi na weupe waliokuwa kule chini kwenye theluji hawakuweza kuona rangi ya aliye kwenye kokpiti. Walichoona ni mabawa yaliyopinda.

Usiku wa tarehe 3 Desemba alimwandikia Daisy barua. Kesho yake, tarehe 4, baada ya saa saba mchana, ndege sita ziliondoka Leyte kwenda Chosin. Jesse, Hudner, na wengine wanne. Walikuwa wanaruka chini sana wakitafuta adui kwenye theluji. Mwenzao Bill Koenig akaona kitu kinachirizika kutoka ndege ya Jesse: mafuta. Risasi ya mtu mmoja tu ardhini, pengine ya bunduki ya kawaida, ilikuwa imepata mahali pake.

Injini ikaanza kufa. Walikuwa chini mno, parachuti isingefunguka. Jesse akaachilia tangi la nje na roketi, akatafuta mahali. Mahali penyewe palikuwa bakuli katikati ya milima, theluji na miti, mbali nyuma ya mistari ya Wachina. Hudner alikuwa kando yake kwenye redio, wakipitia pamoja hatua moja moja: funga mikanda, fungua kioo. Kisha Jesse akaipigisha ndege tumbo. Ilivunjika vibaya, kuanzia injini hadi kwenye kokpiti. Wale watano juu wakazunguka wakiamini kwamba mwenzao amedanja.

Halafu wakaona mkono. Jesse alikuwa anapunga.

Lakini hakuwa anatoka. Ndege ilipojikunja, chuma kilikuwa kimebana mguu wake wa kulia, na moshi ulikuwa unatoka kwenye injini. Helikopta ya uokoaji ilishaitwa, lakini ingechukua muda, na mtu anayeungua hana muda. Hudner akapiga hesabu yake. Hakuomba ruhusa, maana alijua jibu. Akawaambia wenzake anashuka, akamwaga silaha zake, akashusha mabawa ya breki, akaacha matairi yamefungwa ndani, na akaipigisha Corsair yake nzima chini, yadi kama mia hivi kutoka kwa Jesse. Makusudi. Alijiumiza mgongo. Ndege iliyokuwa haina shida ikawa mabati kwenye theluji ya Korea Kaskazini.

Alikimbia, akapanda kwenye kokpiti. Jesse alikuwa ametoa helmeti na glavu akijaribu kujifungua, na vidole vilikuwa vimeganda. Alikuwa mtulivu. Hilo ndilo Hudner alilirudia maisha yake yote: utulivu wa yule mtu, ambaye alikuwa akimtuliza yeye badala ya kutulizwa. Hudner akamvisha kofia ya sufu aliyokuja nayo, akamfunga mikono kwa skafu. Akajaribu kumvuta, lakini buti zake zilikuwa zinateleza kwenye bawa lenye theluji. Akashuka akawa anachota theluji kwa mikono na kuirusha kwenye injini ili moto usishike. Akarudi kuvuta. Wapi.

Helikopta ikaja, rubani wake Charles Ward wa Marine. Ward alileta shoka na kizima-moto kidogo. Kizima-moto hakikuwa na maana kwa ule moshi. Shoka liligonga chuma cha Corsair na kuruka nyuma, mara ya kwanza, ya kumi, ya ngapi. Walipokezana kwa dakika kama 45. Wakafikia hata kuongea kuhusu kukata ule mguu, na kisu walichokuwa nacho hakingeweza. Jesse alikuwa anapotea na kurudi. Katika mara moja ya kurudi alimpa Hudner ujumbe, mfupi, wa Daisy: kwamba anampenda.

Jua likaanza kushuka nyuma ya milima. Helikopta ya Ward haikuwa na uwezo wa kuruka gizani kwenye milima ile. Akamweleza Hudner kwamba wanaondoka sasa au wanabaki wote watatu, na kubaki usiku hapo ni kuganda kabla hata Wachina hawajawafikia. Hudner alimwinamia Jesse akamwambia wanaenda kutafuta vifaa, watarudi. Jesse alikuwa hajibu tena. Pengine alikuwa ameshaondoka. Wakapanda helikopta.

Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Tunapenda stori ambayo shujaa anamtoa mwenzake. Hii haina hiyo. Jamaa aliharibu ndege, akavunja amri, akaumia mgongo, na bado alilazimika kugeuka na kumwacha.

Hudner alirudi Leyte akijua kwamba anaweza kushtakiwa. Kupoteza ndege ya serikali makusudi si mchezo. Nahodha wa meli, Thomas Sisson, akamuuliza kuhusu uwezekano wa kurudi na timu ya madaktari kumtoa Jesse. Hudner alimweleza ukweli: adui amejaa, wataongeza maiti. Sisson akakubali, na badala ya mashtaka akapendekeza nishani. Lakini kuhusu mwili aliamua kitu kigumu. Hakutaka Wachina waufikie. Siku chache baadaye marubani wa kikosi chake mwenyewe waliruka hadi pale. Walimwona bado yuko kwenye kiti chake. Wakadondosha napalm juu ya ndege zote mbili huku wakisali Baba Yetu kwa redio. Hayo ndiyo mazishi aliyopata.

Daisy alikuwa na miaka 23 na mtoto ambaye hajafikisha miwili.

Jesse alitunukiwa Distinguished Flying Cross, Air Medal na Purple Heart, zote akiwa hayupo. Ndiye afisa mweusi wa kwanza wa Navy kuuawa katika vita hivyo. Tarehe 13 Aprili 1951 Rais Harry Truman alimvalisha Hudner Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote kwao, ya kwanza kwa mtu wa Navy katika vita vya Korea. Daisy alikuwepo Ikulu siku hiyo, amesimama akitazama. Ni ndani ya siku hizo ambapo Hudner alimfikishia ana kwa ana ule ujumbe wa mumewe.

Mabaharia wa Leyte walichanga pesa za masomo ya Pamela, harambee ya melini. Na mji wa Fall River ulipompokea Hudner kwa shangwe na kumpa hundi ya zawadi, alimpelekea Daisy. Daisy akaenda chuo, akawa mwalimu kama mama mkwe wake. Aliolewa tena baadaye, na yeye na Hudner wakabaki kuwasiliana kwa zaidi ya miaka 60, hadi Daisy alipofariki mwaka 2014. Ukitaka urafiki, huo hapo. Ulianza pale Jesse alipoishia.

Mwaka 1973 Navy iliingiza kazini manowari ya USS Jesse L. Brown, meli ya kwanza ya kivita ya Marekani yenye jina la afisa mweusi. Miaka ya tisini meli hiyo ilipelekwa Misri ikabadilishwa jina kuwa Damyat. Kwa hivyo chuma kilichobeba jina la kijana wa Mississippi kilikuja kufanya kazi huku Afrika. Na mwaka 2018 ikaingizwa kazini nyingine, USS Thomas Hudner.

Hudner hakuwahi kuweka chini ile ahadi. Mwezi Julai 2013, akiwa na miaka 88, alipanda ndege hadi Pyongyang. Ndiyo, Korea Kaskazini. Mzee mwenye fimbo, aliyewahi kuwapiga mabomu, anawaomba wamruhusu kwenda Chosin kutafuta mifupa ya mwenzake. Wanajeshi wa huko walimpokea kwa heshima na kukubali. Lakini ulikuwa msimu wa mvua kubwa, barabara za milimani zimekatwa na mafuriko. Wakamwambia arudi hali ya hewa ikitulia.

Hakuwahi kupata nafasi hiyo. Hudner alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 93, na kuzikwa Arlington, makaburi ya mashujaa nje ya Washington. Jesse bado yuko kule mlimani.